Waliovunjika Bila Kugonga Kitu

Vijana wa chumba cha majeraha, mliponiaga mlinipa kiti cha uvivu mkaniomba niandike habari za kazi. Kiti nimekikalia mpaka mgongo umechoka kupumzika, kwa hiyo sasa naandika. Vyeo nitaviruka, maana vyote vilikuja vimechelewa, na mshahara nao hauna cha kusimuliwa. Nitawaeleza zama za Mdachi, kwa sababu ndipo nilipofundishwa kazi yenyewe. Yaliyofuata mengi mmeyaona kwa macho yenu, na mengine mliyafanya nyinyi nikayafagia mimi.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Baba alikuja na misafara ya pwani, akatua pale akafungua duka. Mama ni wa Kolo. Nilisoma shule ya serikali nikajua kuandika, na baba akashaona karani ndani ya nyumba yake. Nilipomwambia nataka kwenda kufunga vidonda hospitali ya Dodoma alininunia hata chakula akala peke yake. Mama alinifungia karanga na nguo, akaniambia nisiwe na haraka ya kurudi kabla hasira haijapoa. Nikaondoka.

Dodoma ya wakati ule usiifikirie hii ya sasa. Reli ilikuwa imeshafika, kulikuwa na stesheni, boma, maduka ya Wahindi, na vumbi la kuwatosha wote. Hospitali ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye baraza mbele na jalala la majivu nyuma. Mkuu wa wafunga vidonda aliitwa Mzee Feruzi, Mmanyema aliyezunguka na misafara tangu kijana, mvuta ugoro, mwenye sauti ya chini na ulimi mkali. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa kanzu safi, nikijua nitapelekwa kwa wagonjwa. Akanipeleka kwenye meza.

"Umeuona mguu huu?" akasema, akiugusa mguu wa meza.

"Nimeuona, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umevunjika. Ufunge."

Nikaufunga. Akaufungua, akanipa bandeji ileile. Nikafunga tena. Nilifunga na kufungua mpaka jua likaegemea upande wa pili wa baraza, vidole vimekufa ganzi, na wagonjwa waliokaa pale wananicheka waziwazi. Jioni Mzee Feruzi akaja, akaishika meza akaiburuta hatua chache. Bandeji ikateremka yote chini. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Meza yako imepata kilema. Kesho uje mapema uiombe radhi."

Nilimchukia wakati ule, siwafichi. Lakini mpaka leo bandeji yangu haiteremki, na nyinyi ambao hamkuwahi kufunga meza, za kwenu naziona zinaburuzika barazani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Mabanzi ya kunyooshea mifupa tuliyachonga kutoka mbao za masanduku yaliyokuja na treni, tukayavika pamba na kitambaa kuukuu. Bandeji zilifuliwa, na ole wako uzianike kwenye ua wa miiba, kama nilivyofanya mimi wiki ya kwanza. Plasta ilikaa katika debe lililofungwa kwa nta, maana ikipata unyevu kidogo tu inageuka jiwe humohumo. Mkasi mzuri ulikuwa mmoja, na Mzee Feruzi aliufunga kwa kamba kiunoni mwake. Ukiutaka ilibidi umwite mwenyewe, akija anakuja na maoni.

Daktari, Mdachi mrefu mpole, alikuwa na mikono mizuri na Kiswahili cha vitabuni. Alituambia kila asubuhi maneno yaleyale: mtu akianguka, tazama anapolalamika, kisha tazama asipolalamika. Nayaandika hapa kwa kuwa sijapata mafundisho mafupi zaidi ya hayo. Mgonjwa anakuonyesha kiganja kilichochubuka, kumbe mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo hadi begani, umekatika na hajui. Daktari na Mzee Feruzi walisikilizana sana, ingawa walizungumza kidogo. Nilipata kuwaona wakinyoosha paja la mtu aliyeangushwa na punda, mmoja huku mwingine kule, bila kuambiana neno hata moja, na mfupa ukaingia mahali pake.

Punda, nyumbu, ngazi na mizigo ya reli ndivyo vilivyotuletea watu. Halafu ikaja pikipiki.

Ilishushwa stesheni ndani ya sanduku, na mji mzima ukaenda kuitazama. Ilikuwa ya Bwana wa Barabara. Hilo ndilo jina tulilomwita Mdachi aliyesimamia njia ya kwenda Kondoa, na alitaka vifurushi vya boma vitoke kwenye treni vifike Kondoa bila kungoja wapagazi. Mashine yenyewe ilikuwa na mkanda wa ngozi wa kuzungushia gurudumu, honi ya mpira ya kubinya kwa mkono, na breki ambazo nadhani ziliwekwa kwa ajili ya mapambo. Kuiwasha ilibidi uisukume ukikimbia nayo, na ikishakohoa uidandie. Siku ya kwanza Bwana wa Barabara alikimbia nayo vizuri kabisa mbele ya boma, akadandia vizuri, akaenda vizuri. Kugeuka ndiko kulikomshinda. Tulimpokea ameshika bega.

"Bwana umegonga nini?" akauliza Mzee Feruzi.

"Sijagonga kitu."

"Mti?"

"Hapana."

"Ng'ombe?"

"Nimesema hakuna kitu!"

Mzee Feruzi akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi umeanguka na nchi," akasema, akaanza kumfunga mtulinga.

Tangu hapo tukapata wagonjwa wa aina mpya, na hospitali ile ikajifunza kazi mpya. Wazungu wawili watatu walijaribu mashine ile, na makarani wao, na fundi mmoja wa stesheni. Wote walirudi, na hakuna hata mmoja aliyegongana na mtu, mnyama wala mti. Nchi yetu haihitaji msaada wa kumwangusha mtu. Kuna mchanga wa makorongo, unaokamata gurudumu la mbele na kukuacha wewe uendelee na safari. Kuna mashimo ya mhanga, yule mnyama anayechimba mchwa, ambayo yanafunikwa na nyasi mpaka uyakute. Wakati wa masika kuna tope jeusi la mbugani, na humo hata anayetembea kwa miguu huanguka, sembuse aliyekaa juu ya moto.

Ukiwaona wengi unaanza kuwasoma. Anayetupa mkono kujizuia anavunja kifundo cha mkono au mtulinga. Anayetupa mguu kuizuia mashine isilale anavunja kifundo cha mguu, kwa sababu mashine ni nzito na haina adabu. Anayeng'ang'ania usukani huchubuka uso. Na karibu wote wana alama ya kuungua upande wa ndani wa ugoko wa kulia, bomba la moshi lilipowalalia. Alama hiyo mimi na Mzee Feruzi tuliiita muhuri. Mtu akija anachechemea akisema kateleza bafuni, tulimpandisha suruali kwanza.

Bwana wa Barabara alipovunjika mara nyingine, safari hii mbali porini, alirudi amebebwa kwa machela. Pikipiki ilirudi na Ndahani juu yake. Ndahani alikuwa Mgogo wa huku huku, kijana mwembamba aliyekuwa akimwongoza Bwana huyo porini na kusukuma mashine kila ilipogoma. Hakuna aliyemfundisha kuiendesha. Aliisukuma muda mrefu akaijua tabia, alisema, sawa na ng'ombe anayekataa kamba. Kuanzia hapo Bwana wa Barabara, ambaye mabega yake yalikuwa yamekwisha, alimkabidhi kazi ya vifurushi.

Jamani, kijana yule aliiweza. Alikaa wima, kofia ya mkia mwekundu, miguu imebana, anapita kwenye mchanga ambao wengine waliukumbatia. Mara nyingi alipita mbele ya hospitali akabinya honi kutusalimu, na Mzee Feruzi, ambaye hakumpenda mtu kwa urahisi, alitoka barazani kumtazama akiishia. Mwaka huohuo Ndahani akaoa msichana wa kijiji kilicho kando ya njia ya Kondoa, ng'ambo ya korongo kubwa la kaskazini ya mji. Mkewe aliitwa Nyemo, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika stesheni. Tukala nyama ya harusi. Basi, baada ya harusi ndipo Ndahani alipoanza kuanguka.

Mara ya kwanza alikuja na viganja vimechunwa na muhuri mbichi ugokoni. Umegonga nini? Sijagonga kitu. Umeangukia wapi? Korongoni. Mara ya pili bega lilikuwa limeteguka. Sijagonga kitu. Wapi? Korongoni palepale. Daktari akashangaa, akapanda nyumbu akaenda kupatazama. Akarudi anakuna ndevu, akasema katika njia yote ile hakuna mahali pazuri kama pale. Mchanga umeshindiliwa na kwato za ng'ombe, kona ni pana, hakuna shimo. Hata makarani walikuwa wakipita pale salama, na makarani walianguka kila mahali.

Bwana wa Barabara alisema ni pombe. Akamwita Ndahani mbele yetu akamwuliza kama amekunywa, na Ndahani, ambaye tulijua hanywi hata kidogo, akainamisha kichwa akasema, "Ndiyo, Bwana." Bwana wa Barabara akamwambia ukianguka tena, mashine nampa mwingine, na wewe utakwenda kwenye kambi ya kuvunja mawe ya reli, huko magharibi. Kambi ile mtu alikaa msimu mzima bila kurudi, na Nyemo alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kumtangulia. Ndahani alitoka nje. Nilimfuata nikamwuliza, "Ndugu yangu, mbona unajisingizia?" Akaniambia, "Kaka Bakari, niache tu."

Akaanguka tena. Safari hii kifundo cha mguu kilivunjika, na miiba ya mgunga ilikuwa imemwingia mgongoni hata nikashindwa nianzie wapi. Miiba ile ilinitatiza. Kwenye barabara hakuna mgunga. Mgunga uko kando, kule kichakani. Ina maana mtu huyu hakuanguka njiani. Alitoka njiani, ndipo akaanguka. Nilimwambia Mzee Feruzi, naye akaniambia nifunge mguu kwanza halafu ndio niwe hakimu. Bwana wa Barabara akaja, akamtazama Ndahani kitandani, akasema neno moja tu kwamba akipona atakwenda magharibi. Ndahani aligeukia ukutani, akalia kimyakimya, na mimi nilisikia uchungu hasa, kwa sababu hakuna kinachouma kama kumwona mtu anazama na hataki kushika kamba.

Asubuhi moja, mguu ukiwa bado ndani ya mabanzi, nilikuwa nambadilishia dawa mgongoni. Barazani akakohoa mwanamke wa makamo, kisha tukasikia anasalimia watu, "Mbukwa, mbukwa." Mgongo wa Ndahani ukakakamaa chini ya mikono yangu. Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Kabla sijasema kitu amekwishaondoka kitandani, anarukaruka kwa mguu mmoja, bandeji inamfuata nyuma, akashika kizingiti cha dirisha, akajirusha nje.

Tulimkuta kwenye jalala la majivu, ameketi, amejifunika shuka gubigubi, mweupe kichwa mpaka miguu. Mzee Feruzi alimzunguka mara moja akimpima kwa macho.

"Umegonga kitu?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Umeona nyoka?"

"Hapana."

"Umeona nini basi?"

"Sikuona, Baba. Nimetoka kabla sijamwona."

Hapo Nyemo akatokea kwenye pembe ya nyumba, ameshika tumbo kwa mikono miwili kwa kicheko. "Mama yangu amekuja kumpa pole," akasema. "Nilimwambia atume salamu tu, hakusikia."

Mimi ni mtoto wa Waislamu wa mjini. Kwetu mama mkwe unamsalimia, unamwuliza habari za nyumbani, unakula pilau yake na kusifu hata kama chumvi imezidi. Nyumbani kwao Ndahani mambo ni mengine, kama Nyemo alivyotueleza palepale. Huyo ni mtu ambaye kijana aliyeoa karibuni hamtazami usoni, na yeye hamtazami. Mkikutana njiani, mdogo ndiye anayetoka njiani. Anaingia kichakani, anampa mgongo, anachuchumaa mpaka mkubwa apite. Kwa mwendo wa miguu ni jambo jepesi na lina heshima yake. Sasa fikiria uko juu ya mashine isiyo na breki, unatokea kwenye kona ya korongo asubuhi, wakati ambao wanawake wote wa ukweni wako chini kwenye visima vya mchangani wanachota maji. Ndahani alipoona tu nguo za kaniki kule chini, hakungoja kujua ni nani. Alikata kona akaingia migungani na pikipiki yake.

Na hilo asingelisema mbele ya Wazungu, wala mbele yetu. Kumtaja mkwe kwamba ndiye sababu ya kuanguka kwake ilikuwa ni aibu kubwa zaidi ya kuitwa mlevi. Alikuwa tayari kwenda kuvunja mawe, amwache mke na mimba yake, kuliko kumpita mama yule amekaa juu kama mfalme.

Mzee Feruzi alinituma nikazungumze na mama. Aliketi upande wa mbele wa pembe ya nyumba, Ndahani upande wa nyuma, na mimi nikasimama kwenye pembe yenyewe, kulia mama, kushoto mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kutaka kujua. Kiswahili alikijua, maana zamani aliuzia misafara mtama. Nikampa shikamoo, nikamweleza taratibu kwa nini mkwewe anaanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anaanguka hapo kwetu?" akauliza. "Hapo kisimani?"

"Hapohapo, mama."

"Mwanangu, mimi nikisikia lile dude linakuja nageuka. Wote tunageuka, dada zangu na wake wenzangu, maana sote ni wakwe zake. Hatutazami hata kidogo. Linanguruma, linanguruma, likifika pale juu linanyamaza." Akashika shavu. "Nilidhani analizima kwa heshima. Nimewasifia majirani huyu kijana, nikawaambia hata moto wake anauzima akifika kwa mkwe."

Kumbe wakati anajirusha migungani, akina mama wale wote walikuwa wamekwishampa migongo. Kila upande ulikuwa unamkwepa mwingine, na aliyeumia ni mmoja. Nilirudi kushoto nikampa Ndahani habari hizo, nikidhani yamekwisha. Akatikisa shuka.

"Haiwezekani, Kaka Bakari. Mkubwa hawezi kumpisha mdogo. Nikipita barabarani na yeye amegeuka pembeni, nimemfukuza njiani. Mwambie samahani, siwezi."

Nikarudi kulia. Mama alikuwa amekwishasikia. Pembe ya nyumba haizuii sauti. Hakunijibu mimi. Alisema kwa sauti ya kufika nyuma ya ukuta, lakini akiniangalia mimi, kwa sababu maneno lazima yapite kwangu.

"Mwambie simpishi yeye. Napisha dude. Hata ng'ombe wa mume wangu wanalipisha, na hawajamwoza mtu. Mgongo wangu hauna macho. Apite hapo, asiingie tena kichakani kuniulia mume wa mwanangu."

Mzee Feruzi akakohoa. Ndahani akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie nimesikia." Halafu akaomba kitu kimoja, kwamba kila akikaribia kona atabinya honi, ili mama apate nafasi ya kugeuka kwa utulivu, asishtuke na mtungi kichwani. Mama akasema honi ni sawa. Nikahisi kama nimeozesha watu upya.

Niliyapeleka kwa daktari. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema kwao desturi hiyo haipo, akafikiri kidogo, akaongeza kwamba ni hasara. Yeye ndiye aliyekwenda kwa Bwana wa Barabara. Sijui walisemezana nini, lakini alirudi na jibu: mguu ukipona Ndahani ajaribiwe safari moja, na Bwana mwenyewe atakuwepo korongoni. Akipita, kazi yake anayo. Akianguka, treni ya kwanza inampeleka magharibi.

Vijana, hapa niwaambie jambo la kazi kabla sijamaliza. Tangu siku ile, mtu akiletwa kwangu kaanguka peke yake na hakugonga kitu, namwuliza alikuwa anakwepa nini. Nimepata majibu ya ajabu. Mmoja, mtu wa kijiji cha Busi, alikuwa anakwepa kuku wa jirani aliyekosana naye. Mwingine alikwepa kivuli cha wingu akidhani ni dimbwi. Usipouliza utamfunga vizuri, atarudi vibaya zaidi.

Siku ya jaribio daktari alinituma nikakae korongoni na mfuko wa mabanzi na bandeji. Bwana wa Barabara alikuwa juu ya ukingo wa upande wa mji, kwenye nyumbu wake, uso hauna habari. Mimi nikashuka chini mchangani, karibu na visima. Akina mama walikuwepo, wengi kuliko kawaida, na mitungi ambayo nadhani ilikwishajaa tangu alfajiri. Mama yake Nyemo aliketi mbele ya wote. Nyemo mwenyewe alikuwa amesimama chini ya ukingo, mkono juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka.

Tuliisikia kwa mbali. Ikapotea, ikarudi, ikaanza kunguruma kwa karibu. Nilikuwa na mabanzi mkononi tayari bila kujua nimeyatoa saa ngapi. Kisha honi, mara moja, nyuma ya kona. Akina mama wakanyanyua kaniki zao wakafunika vichwa, wakageuka wote pamoja, bila haraka. Mama mkwe akageuka wa mwisho, akainama, akakazia macho mchanga.

Ndahani akatokea. Niliona macho yake yanaziona nguo zile. Niliona usukani unacheza, gurudumu la mbele linaanza kwenda kule kushoto, kwenye migunga, kule lilikozoea. Nyemo alishika mdomo. Halafu Ndahani akaiona migongo. Safu nzima ya migongo. Nadhani hakuwa ameamini mpaka dakika ile. Usukani ukanyooka, akashuka mchangani wima, vumbi likaruka, akapita katikati ya korongo, karibu nami kabisa, macho mbele, akapanda ukingo wa ng'ambo. Hakuna kilichonyamaza. Sauti iliendelea na njia ya Kondoa mpaka ikawa ndogo.

Juu ya ukingo Bwana wa Barabara alimgeuza nyumbu akaondoka bila neno, na kwa yule Bwana hilo lilikuwa ni cheti. Nyemo alikaa chini mchangani akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikarudisha mabanzi kwenye mfuko.

Mama mkwe alikuwa bado amegeuka. "Amepita?" akaniuliza.

"Amepita, mama. Geuka tu."

Hakugeuka. "Yuko juu yake?"

"Yuko juu yake."

"Anakaaje? Mimi sijapata kumwona akiwa juu ya kile kitu, na sitamwona. Niambie."

Nikamwambia. Nikamwambia amekaa wima, miguu imebana, mkia wa kofia unaruka nyuma, vumbi linamfuata. Nikamwambia amepita kwenye mchanga ambao Wazungu waliuangukia. Kila nililosema aliwatafsiria dada zake kwa Kigogo, nao wakaguna, na mmoja akanitaka nirudie habari ya kofia.

"Anafurahi?" akauliza.

"Alipopanda ukingo alikuwa anacheka peke yake."

Akashusha kaniki kichwani, akageuka, akaitazama njia ya Kondoa iliyokuwa tupu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Basi mwambie," akasema, "asipite haraka hivyo. Sijamsikia vya kutosha."